Mwalimu na Mawaziri Wakuu Wake

Mwalimu wetu wa Historia na Serikali alikuwa na ugonjwa wa mawaziri wakuu. Walimu wengine walipenda mpira, wengine ng'ombe wa gredi, wengine siasa za hapa nyumbani. Yeye alitaka kujua ni nchi gani imebadilisha kiongozi wa serikali wiki hiyo, na hasa kama imembadilisha katikati, kabla uchaguzi haujafika. Aliyeshindwa kwenye uchaguzi hakumsisimua hata kidogo. "Huyo ameenda kwa njia ya kawaida," alikuwa akisema, na kugeuza ukurasa wa gazeti. Lakini akisikia redioni kwamba chama fulani huko ng'ambo kimemwambia waziri mkuu wake aondoke na kimeweka mwingine, aliingia darasani mbiombio, vifungo vya koti vimepishana, chaki tayari mkononi.

"Wamebadilisha!" alitangaza kabla hatujasimama kumwamkia. "Na nchi iko wapi?"

"Iko pale pale, Mwalimu!"

"Mabasi?"

"Yanatembea!"

"Hospitali?"

"Ziko wazi!"

"Nani amepigwa?"

"Hakuna!"

Hapo alishusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani, akatuambia tuketi. Shule ilikuwa upande wa Timboroa, kule ambako ukungu unaingia mpaka bwenini na kalamu haiandiki mpaka uipashe moto kwa mdomo. Tulikuwa watoto wa wakulima wa mahindi na ngano, wengi wetu hatujawahi kufika Nairobi. Lakini tungeweza kukueleza tofauti ya waziri mkuu aliyejiuzulu, aliyeangushwa na bunge na aliyesukumwa na watu wa chama chake mwenyewe. Mkaguzi wa elimu alipokuja siku moja akatuuliza mto mrefu zaidi nchini, tulijikuna vichwa. Alipouliza rais wetu akifariki nani anachukua, darasa zima lilinyoosha mikono.

Hilo la mwisho alikuwa na sababu ya kulishika. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara kwa namna ileile, jinsi alivyokuwa kijana, mwalimu mchanga, nyumbani kwao kule chini karibu na ziwa, siku redio ilipoanza kupiga nyimbo za maombolezo. Ilikuwa wakati wa mavuno. Mahindi yalikuwa yameanikwa uwanjani. Habari ilipotoka kwamba Rais wa kwanza amefariki, baba yake aliangalia barabara, akaangalia mahindi, kisha akawaambia, "Ingizeni ndani." Waliingiza mahindi yote, wakaingiza na kuku, wakafunga mlango jua likiwa bado linawaka. Walikaa ndani wakisubiri kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Baadaye redio ikasema makamu ameapishwa, na kwamba sheria imeweka muda wa kumchagua mwingine. Kesho yake asubuhi baba akafungua mlango, akasimama kidogo, akasema, "Haya, toeni mahindi."

"Siku hiyo," Mwalimu alitwambia, "nilijua katiba ni kitu. Kabla ya hapo nilidhani ni kitabu cha kupita mtihani."

Mtu akimsikia akisema hivyo angemdhania mpole, mtu wa kuachia wengine nafasi. Hakuwa. Nyumbani kwake hakuna aliyegusa redio isipokuwa yeye. Kiti chake kilikuwa kimoja, kile cha mbao chenye mto wa kijani, na mgeni aliyekikalia kwa kutojua aliombwa ahame hata kama ni padri. Chai aliimimina mwenyewe kwa sababu wengine, alidai, wanaijaza kikombe vibaya. Pale shuleni aliongoza idara ya Historia mpaka walimu waliokuja wakiwa vijana wakaota mvi chini yake. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Huyu," aliniambia siku moja jikoni, akichuja majani ya chai, "anabadilisha serikali za Ulaya kila mwezi, na hapa nyumbani hataki kubadilisha hata kiti."

Alisikia kutoka sebuleni. "Kiti hakijaniangusha!" akajibu.

Jambo lililotufanya tusimsahau ni bunge. Kila Ijumaa mchana, ukumbi wa kulia chakula uligeuzwa bunge la shule. Tulipanga meza pande mbili, serikali huku na upinzani kule, na yeye akakaa kati kama spika, shali ya Mama mabegani badala ya joho. Mwanzoni mwa mwaka tulifanya uchaguzi, na chama kilichoshinda kikatoa waziri mkuu wa kutumikia mwaka mzima. Nilipokuwa kidato cha tatu, waziri mkuu huyo alikuwa mimi, Jerono. Naibu wangu alikuwa Chelimo, mvulana mrefu kutoka Moi's Bridge, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

Muhula wa pili maharagwe ya jikoni yaliingia wadudu. Mwanzoni tuliwatoa kwa kijiko na kula. Baadaye ikawa ukitoa wadudu unabaki na mchuzi. Huko nyuma ya mabweni mazungumzo yakaanza, na sote tulijua mazungumzo ya aina ile yanaishia wapi, maana shule jirani ilikuwa imegoma muhula uliopita na bweni likaungua. Niliwaomba wanipe nafasi. Nilienda kwa mkuu wa shule, akaniambia atalishughulikia. Nikaenda tena, akaniambia nisimfundishe kazi. Wiki zikapita, maharagwe yakawa yaleyale, na mimi kila Ijumaa nikisimama kusema tuvumilie.

Siku moja Chelimo alimfuata Mwalimu, kundi la wavulana likiwa nyuma yake. Nilikuwa hapo nafuta ubao.

"Mwalimu, sisi tumechoka," Chelimo alisema. "Jerono anaongea polepole sana. Hawa watu wanataka kugoma leo."

Mwalimu hakumwangalia Chelimo. Aliwaangalia wale wa nyuma. "Mmechoka na maharagwe au mmechoka na Jerono?"

Wakatazamana. "Vyote viwili," mmoja akasema.

"Basi Jerono mnaweza kumtoa Ijumaa. Maharagwe mtayajadili na atakayekuja. Ila nina sharti moja, mnalijua. Ukinitajia anayetoka, nitajie na anayeingia."

Hapo ndipo nilipomwona Chelimo akimeza mate. Alikuwa amekuja kuomba fujo, na sasa alikuwa anapewa kazi.

Walinitoa Ijumaa hiyo. Chama changu mwenyewe, watu tuliokula nao meza moja, walisimama mmoja mmoja kusema hawana imani nami tena. Nilishindwa kwa kura chache. Nilitaka kukimbilia bwenini nikalie huko, lakini spika alikuwa bado amekaa, na akiwa amekaa hakuna anayetoka. Ikabidi nilie palepale mbele ya watu, pua ikitiririka, huku Chelimo akila kiapo.

Tulipomaliza, Mwalimu akaniambia, "Mpeleke."

"Wapi?"

"Kwa mkuu wa shule. Anakujua wewe, yeye hamjui. Mtambulishe."

Nilimchukia sana wakati ule, lakini nilienda. Mkuu wa shule aliinua macho akatuona wawili mlangoni, mimi macho yamevimba.

"Sir, huyu ndiye waziri mkuu," nikasema.

"Si juzi ulikuwa wewe?"

"Nimetolewa, sir. Kwa sababu ya maharagwe."

Aliweka kalamu chini. "Umetolewa vipi?"

"Kwa kura."

"Na hamjagoma?"

"Bado," Chelimo akajibu kwa ile sauti yake, na ofisi nzima ikatetema.

Mkuu wa shule alitukalisha. Sijui hasa ni nini kilichomgusa, kama ni lile neno au ni kule kuona watoto wamebadilisha kiongozi wao na vioo vyote bado vizima. Alimwita mtu wa stoo tukiwa hapohapo. Jumatatu tulikula maharagwe safi, na shule yote ikamshangilia Chelimo. Mimi nilikaa pembeni nikichezea kijiko. Mwalimu alikuja na kikombe chake cha chai, akanimiminia nusu kwenye kifuniko cha chupa yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu.

"Hukuwa mbaya," akasema. "Muda wako ndio uliisha kabla ya mwaka kuisha. Hutokea."

Nimefanya kazi nyingi tangu wakati ule. Sasa nina duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Eldoret, na nimewahi kuangushwa kwenye mambo makubwa kuliko bunge la watoto. Lile neno lake, hutokea, limenisaidia kuliko mahubiri mengi.

Kuna wakati mmoja tu nilimwona amenyamaza kabisa. Ni ule mwaka wa vurugu baada ya uchaguzi. Yeye alikuwa amehamia Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, amejenga nyumba yake ya kustaafia kati ya watu wetu na watu wengine, na alikuwa mgeni kwa wote, maana kwao ni kule ziwani. Nyumba iliungua paa. Nilimkuta kwenye uwanja wa kanisa mjini, amekaa juu ya gunia, Mama amelala kichwa mapajani mwake. Nilikuwa nimewaletea maziwa. Niliogopa atakavyonitazama, kwa jina langu na kabila langu, lakini alinitengea nafasi juu ya gunia.

Niliketi, nikaweka maziwa chini. Kisha akasema, "Jerono, tuliwafundisha watu vibaya."

"Wewe hukuwafundisha vibaya, Mwalimu."

"Nasema sisi wote. Tumewaambia uchaguzi ndio mlango pekee. Sasa mtu akiona mwenzake ameingia, anadhani yeye amefungiwa nje mpaka afe. Hakuna anayemwambia kwamba serikali inaweza kubadilishwa hata katikati, kwa sheria, watu wakiwa wamekaa kwenye viti." Alimfunika Mama bega. "Wangejua hivyo, labda wangeacha paa langu."

Walirudi Yamumbi mvua zilipoanza. Majirani walimsaidia kuezeka, wengine kati yao wakiinamisha macho. Hakumuuliza mtu yeyote alikuwa wapi siku ile. Mama ndiye aliyeuliza, na aliuliza wote, mlango kwa mlango, mpaka akaridhika au akachoka, sijui.

Miaka michache baadaye nami nilinunua shamba dogo huko, tukawa majirani. Wakati huo eneo lilikuwa linakua haraka, nyumba zinaota kila upande na maji hakuna. Mwalimu ndiye aliyetukusanya tukachimba kisima cha pampu cha pamoja. Yeye akawa mwenyekiti wa kamati. Alizunguka na fundi, alipigana na waliotaka bomba lipite kwao kwanza, alijua kila nyumba na mfereji wake. Kila baada ya miaka mitatu tulimchagua tena bila mpinzani. Kwa kweli hakuna aliyefikiria kwamba maji yanaweza kutoka bila yeye.

Halafu akapata kiharusi. Si kikubwa. Alirudi kutoka hospitalini akiburuta mguu wa kulia, maneno yakimtoka yamekatikakatika. Lakini ndani kitu kilikuwa kimehama. Aliahidi fundi atampigia simu na akasahau. Aliwaambia watu pampu imetengenezwa, kumbe ilikuwa bado imefunguliwa iko chini. Tulikaa wiki nzima bila maji, kisha tena wiki nyingine. Mama Sharon, muuza maziwa ambaye alikuwa naibu mwenyekiti, alibeba mitungi kutoka mtoni akiwa na mgongo mbovu. Nilimuuliza kwa nini haiiti kamati.

"Nimwambie nini yule mzee?" akasema. "Wewe ndiye mtoto wake wa shule. Mwambie wewe."

Ulikuwa ule wakati vijana walijaa barabarani mjini wakipiga kelele kwamba rais aondoke, asingojee uchaguzi. Kwetu Yamumbi neno hilo lilikuwa linachoma. Wengine walisema ni haki yao vijana. Wengine walisema anayeguswa ni mtu wetu. Niliona watu waliosaidiana kuezeka wakianza tena kupita barabarani bila kusalimiana. Jumapili moja baada ya ibada, vijana kadhaa walikuja barazani kwa Mwalimu. Mimi na Mama Sharon tulikuwa tumekaa na Mama tukichambua mboga.

"Mwalimu, si rais anaeza tolewa tu?" mmoja akauliza. "Ama ni mpaka ile siku ya kura?"

Mwenzake, kijana wa palepale kwetu, akaruka. "Mnataka kumtoa kwa sababu ni wetu!"

Mwalimu aliinua mkono wake mzima. Ulimi ulikuwa mzito lakini macho yaliwaka kama ya zamani.

"Ana... anaweza," akasema. "Yeye na mwingine yeyote. Wako au wangu. Bunge linashtaki, seneti inasikiliza, lazima wengi sana wakubali. Si kelele. Na anayeingia anajulikana mapema, ni naibu wake. Hakuna... hakuna usiku bila mwenyewe." Alipumzika. "Hiyo ni njia moja. Akijiuzulu, njia ya pili. Akifa, ya tatu. Na ya nne, akiugua, akashindwa kazi. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mgonjwa ni wa mwisho... wa mwisho..."

Hakumaliza. Mama Sharon aliniangalia. Mama aliendelea kuchambua mboga ileile iliyokwisha kuchambuliwa. Vijana walidhani ni ulimi umemkataa, wakangoja kwa heshima, kisha wakaaga. Yule wa kwetu na yule aliyeuliza waliondoka bado wanabishana, lakini walibishana wakitembea pamoja.

Nilibaki. Nilimwambia. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka tu kwamba nilisimama, kama darasani.

"Mwalimu, kamati inataka kukutana. Kuhusu uenyekiti."

"Mlinichagua miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Imeisha?"

"Haijaisha."

"Basi mnataka nini?" Alipiga kiti kwa kiganja. "Nani alileta maji hapa? Wewe ulikuwa wapi? Nani, Jerono?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Basi toka."

Mama alinisindikiza mpaka langoni akilia. "Usirudi nyuma," akaninong'oneza. "Anaamka alfajiri kwenda kuangalia pampu na ataanguka huko."

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Alikuja amevaa koti lake la kufundishia. Nilidhani angevuruga mkutano, au angekataa kuketi. Aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti, akaufungua mkutano mwenyewe kwa maombi, akamwambia Mama Sharon aseme alilo nalo. Mama Sharon alisimama akashindwa, akaanza kulia. Mwalimu akamkemea.

"Sema vizuri. Nani anatoka?"

"Ni wewe, Mzee."

"Na nani anaingia?"

"Mimi," Mama Sharon akasema, kwa sauti ndogo mpaka waliokaa nyuma wakamwambia arudie.

Kura ilipigwa kwa mikono. Waliotaka abaki waliinua, na yeye akainua wa kwake juu kabisa, ule wa kushoto, akiushikilia mpaka hesabu ikaisha. Waliotaka aondoke walikuwa wengi zaidi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na aliniona. Alitangaza matokeo. Akachukua kofia yake mezani, akatoka nje bila kumuaga mtu.

Hakunisemesha miezi mingi. Nikipita alikuwa akigeuza kiti kuangalia ukuta. Nilipeleka maziwa, Mama akayapokea mlangoni. Mjini kelele za vijana zilipanda na kushuka, na pale Yamumbi watu wakarudi kuamkiana polepole. Mama Sharon aliendesha kisima kwa namna yake, kwa kupiga simu nyingi na kucheka sana, na fundi akawa anamwogopa kuliko alivyomwogopa Mwalimu.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, nikiwa dukani napanga pakiti za mbegu, nilimwona akiingia. Alikuwa peke yake, ana bakora, amevaa lile koti, vifungo vimekosana. Nilitoka nyuma ya kaunta nikamletea stuli. Aliikataa, kisha akaikalia.

Aliuliza bei ya mbegu. Aliuliza mvua itanyesha lini, kana kwamba mimi ndiye ninayeileta. Alizungumza kuhusu waziri mkuu mmoja wa mbali ambaye amebadilishwa wiki hiyo, na chama chake chote kimegawanyika. Nilimjibu kila kitu, nikingoja.

"Ile siku mlinitoa," akasema hatimaye, akiangalia magunia, "sikulala. Nilikaa nikisema, kesho watajua. Maji yatakauka na watakuja kwangu wakikimbia."

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Nyamaza kwanza." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Alfajiri nikaenda nje. Nikafungua mfereji."

Mteja aliingia, akatutazama, akaona bora arudi baadaye.

"Yakatoka?" nikauliza.

"Yakatoka. Kwa nguvu kuliko wakati wangu." Alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa nikaona anataka kucheka. "Jerono, nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikataka kuyafunga."

"Kisha ukafanyaje?"

"Nifanye nini? Nikanawa uso."